Kinachotokea kabla mgeni hajajibu: uchambuzi wa kisa cha ridhaa na ufuatiliaji wa matangazo kwenye tovuti

Tovuti inayozungumziwa hapa inauza masomo ya lugha kwa njia ya intaneti. Wanafunzi wake wametawanyika katika nchi nyingi, zikiwemo Ujerumani, Ufaransa na Uingereza, na wengi wao huifikia kwa kubofya tangazo waliloliona kwenye Google, Facebook au Instagram. Kampuni inayoimiliki ni ndogo: mtu mmoja anasimamia matangazo, mwingine anatunza tovuti, na mambo ya sheria hupelekwa kwa wakili wa nje pale yanapolazimu. Tuliitwa baada ya msomaji mmoja aliyeko Ujerumani kuiandikia kampuni barua pepe fupi, yenye adabu, akiuliza ni kwa nini aliandamwa na tangazo la kozi aliyoisoma maelezo yake bila kuinunua, ilhali alipoingia kwenye tovuti alikuwa amebofya kitufe cha kukataa vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari cha mgeni ili kumkumbuka.

Swali hilo liliwashangaza wenye tovuti kwa dhati. Bango la vidakuzi walikuwa nalo. Lilikuwa na kitufe cha kukubali na njia ya kukataa. Sera ya faragha ilikuwa imeandikwa na kutafsiriwa. Kwa mtazamo wao, kila kilichotakiwa kilikuwa mahali pake. Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa kirefu kwa sababu hali yao ndiyo hali ya tovuti nyingi sana: bango linaonekana, lakini hakuna aliyewahi kuchunguza ni nini kinachofanyika ndani ya kivinjari cha mgeni katika sekunde zile za mwanzo, kabla hajagusa kitu chochote. Ridhaa huamuliwa hapo. Rangi ya vitufe, urefu wa maelezo na jina la programu iliyonunuliwa ni mambo yanayofuata baadaye.

Sheria inadai nini hasa

Sheria za Ulaya zinazohusika ziko mbili, na ni muhimu zisichanganywe. Ya kwanza ni Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 kuhusu faragha katika mawasiliano ya kielektroniki, lililorekebishwa mwaka 2009. Ibara yake ya 5(3) inasema kwamba kuhifadhi taarifa kwenye kifaa cha mtu, au kuzisoma zilizokwisha kuhifadhiwa humo, kunahitaji ridhaa yake, isipokuwa pale jambo hilo linapokuwa la lazima kabisa ili kumpa huduma aliyoiomba mwenyewe. Kidakuzi kinachokumbuka kozi aliyoiweka mteja kwenye kikapu hakihitaji ridhaa. Kinachomtambulisha kwa kampuni ya matangazo kinaihitaji. Ya pili ni Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data, inayojulikana zaidi kwa jina la GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Hii ndiyo inayoeleza ridhaa ni kitu gani: itolewe kwa hiari, kwa jambo mahususi, na mtu aliyekwisha kuelezwa, kwa kauli au kitendo kisicho na shaka. Ibara ya 7 inaongeza kwamba mwenye tovuti lazima aweze kuthibitisha kuwa aliipata ridhaa hiyo, na kwamba kuiondoa kuwe rahisi sawasawa na kuitoa.

Mtu anayemiliki tovuti nje ya Ulaya asidhani kwamba hayo hayamhusu. Ibara ya 3 ya GDPR inamgusa yeyote anayewauzia watu walioko ndani ya Umoja wa Ulaya bidhaa au huduma, au anayefuatilia mienendo yao, popote pale ofisi yake ilipo. Kampuni hii ilikuwa inafanya yote mawili.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliondoa utata mkubwa tarehe 1 Oktoba 2019 katika kesi ya Planet49, ilipoamua kwamba kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya tiki, ambacho mgeni anatakiwa kukiondolea alama ili akatae, si ridhaa, na kwamba mgeni anapaswa kuelezwa vidakuzi vitadumu kwa muda gani na iwapo watu wengine watavifikia. Miongozo ya Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2020 ilieleza zaidi kuwa kuteremsha ukurasa au kuendelea kuusoma hakuwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa. Bango la kampuni hii lilianza kwa maneno haya: "Kwa kuendelea kutumia tovuti hii unakubali matumizi ya vidakuzi." Sentensi hiyo peke yake ilitosha kuonyesha kwamba bango liliandikwa bila kuitazama sheria.

Tulichokikuta

Uchunguzi wenyewe hauhitaji vifaa vya gharama. Tulifungua ukurasa wa kozi katika dirisha fiche la kivinjari, tukawasha zana za wasanidi programu, tukaenda kwenye sehemu inayoorodhesha mawasiliano ya mtandao, kisha tukakaa bila kugusa chochote. Bango lilikuwa bado linajitokeza taratibu kutoka chini ya skrini wakati ombi la kwanza lilipokwisha kuondoka kuelekea facebook.com, kwenye njia inayoanza na /tr, likibeba neno PageView na anwani kamili ya ukurasa, ambayo ndani yake mlikuwa na jina la kozi. Kwenye orodha ya vidakuzi tayari kulikuwa na _fbp ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, na _gcl_au ya matangazo ya Google, ambavyo hudumu kwa siku 90, pamoja na _ga ya takwimu za Google, ambayo kwa kawaida hudumu miaka 2.

Kisha tulibofya kitufe cha kukataa. Hakuna kilichofutwa. Kilichotokea ni kwamba bango liliongeza kidakuzi chake lenyewe, chenye thamani inayosema kwamba mgeni amekataa, na kidakuzi hicho kikakaa kwenye mstari ulio chini ya _fbp, katika orodha moja, kwa kikoa kimoja, yaani jina lilelile la tovuti. Tulipofungua ukurasa wa pili, ombi jingine lilikwenda facebook.com kama kwamba hakuna aliyesema neno. Tulipiga picha ya skrini hiyo na kuiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, kwa sababu haikuhitaji maelezo ya mwanasheria wala ya fundi: tovuti iliandika kwa mkono wake kwamba mtu huyu amekataa, na ikaendelea kumfuatilia.

Vyanzo vilikuwa kadhaa, na ndiyo maana tatizo halikuonekana mapema. Pikseli ya Meta, yaani kipande cha msimbo kinachoiarifu Meta anachofanya mgeni, ilikuwa imewekwa mara mbili: mara moja ndani ya Google Tag Manager, zana ya kuwasha lebo (vipande vya msimbo wa ufuatiliaji) kwenye tovuti, ambako bango lilikuwa na uwezo wa kuizuia kama lingeunganishwa vizuri, na mara ya pili moja kwa moja kwenye msimbo wa kurasa kupitia programu-jalizi ya duka, ambayo haikujua lolote kuhusu bango. Msimamizi wa matangazo alijua ya kwanza tu. Mtunza tovuti alijua ya pili tu. Zaidi ya hapo kulikuwa na picha ya nukta moja iliyowekwa ndani ya sehemu ya msimbo iitwayo noscript, inayokusudiwa kuwahesabu wageni waliozima JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari. Picha hiyo haiwezi kuhalalishwa kwa namna yoyote, kwa kuwa bango lenyewe linahitaji JavaScript ili lionekane. Mgeni wa aina hiyo anafuatiliwa bila hata kuulizwa. Tuliiondoa siku ileile.

Chanzo kingine kilikuwa kigumu zaidi kukibaini. Mtunza tovuti alituhakikishia kuwa aliwahi kupima mwenyewe na kuona lebo za Google zikisubiri jibu, na alikuwa anasema kweli. Programu ya bango ilikuwa inapakiwa kutoka kwenye seva ya muuzaji wake kwa njia isiyosubiriana na sehemu nyingine za ukurasa. Kwenye kompyuta ya ofisini yenye mtandao wa kasi, programu hiyo iliwahi kufika na kutangaza kwamba ridhaa bado haijatolewa, kisha Google Tag Manager ikafuata na kutii. Tulipopunguza kasi ya mtandao kwa makusudi hadi kiwango cha simu ya kawaida, mpangilio uligeuka: Google Tag Manager ilitangulia, ikakuta hakuna aliyeizuia, ikawasha kila kitu. Kwa hiyo ulinzi wa faragha ya mgeni ulitegemea kasi ya mtandao wake. Naamini hili ndilo kosa la kiufundi linalojificha kuliko yote katika kazi hii, kwa kuwa kila anayepima katika mazingira mazuri hulikosa.

Kupanga upya utaratibu

Suluhisho la kwanza lilikuwa kuhakikisha kwamba jibu la "hapana" ndilo chaguo-msingi, na kwamba linatamkwa kabla ya kitu kingine chochote. Tuliliandika moja kwa moja juu kabisa ya sehemu ya kichwa cha ukurasa, ndani ya ukurasa wenyewe, bila kulitegemea faili lolote la nje:

gtag('consent', 'default', {
  'ad_storage': 'denied',
  'ad_user_data': 'denied',
  'ad_personalization': 'denied',
  'analytics_storage': 'denied'
});

Mistari hii ni sehemu ya mfumo wa Google uitwao Consent Mode. Kipengele cha kwanza kinahusu vidakuzi vya matangazo, cha pili kinahusu kutuma data za mtumiaji kwa Google kwa ajili ya matangazo, cha tatu kinahusu kumlenga mtu kwa matangazo kutokana na aliyoyafanya, na cha nne kinahusu takwimu. Cha pili na cha tatu viliongezwa katika toleo la pili la mfumo huo, lililotangazwa mwishoni mwa 2023, na kuanzia Machi 2024 Google iliwataka watangazaji wanaowalenga watu wa Eneo la Uchumi la Ulaya wavitume. Bango sasa lina kazi moja tu: mgeni akijibu, linatuma amri ya kusasisha. Likichelewa, au seva ya muuzaji wake ikizimika kabisa, kinachobaki ni "hapana".

Hapa panahitaji tahadhari, kwa kuwa wengi huamini kwamba wakishawasha Consent Mode wamemaliza. Mfumo huo hauombi ridhaa wala hauitunzi. Unafikisha jibu kwa lebo za Google basi. Pikseli ya Meta haiusikilizi. Meta wana amri yao ya kusimamisha pikseli hadi ridhaa ipatikane, lakini hata ikitumika, faili la pikseli bado linapakuliwa kutoka kwenye seva zao, na kupakua faili ni kuwapa anwani ya IP ya mgeni (namba inayotambulisha muunganisho wake wa intaneti) pamoja na taarifa za kivinjari chake. Tuliamua faili lenyewe lisipakuliwe kabisa mpaka mgeni aseme ndiyo.

Uamuzi uliozua mjadala mrefu ulikuwa kati ya njia mbili za Consent Mode. Katika njia ya msingi, lebo za Google hazipakiwi hadi ridhaa ipatikane. Katika njia ya juu, lebo zinapakiwa mapema, na mgeni akikataa zinaendelea kutuma ishara zisizo na vidakuzi: muda, anwani ya ukurasa, aina ya kivinjari, hali ya ridhaa, na bila shaka anwani ya IP inayosafiri na kila ombi. Google hutumia ishara hizo kukadiria ununuzi usioonekana. Msimamizi wa matangazo alitaka njia ya juu, na sababu yake ilikuwa ya kweli: makadirio yake yanakuwa bora zaidi kuliko ya njia ya msingi. Wakili alitahadharisha kwamba miongozo ya Bodi ya Ulaya kuhusu upana wa ibara ya 5(3), iliyokamilishwa 2024, haiishii kwenye vidakuzi tu. Mimi nilisimama upande wa njia ya msingi kwa sababu iliyo wazi zaidi kuliko hiyo: mtu aliyebofya "Nakataa" anatarajia kwamba hakuna kitu kitakachotumwa kwa kampuni ya matangazo kumhusu, na sikuona namna ya kumweleza kwenye bango, kwa sentensi moja ya kweli, kwamba kitaendelea kutumwa. Kampuni ilikubali.

Kulikuwa pia na pendekezo la kuwauliza wageni wa Ulaya peke yao na kuwafuatilia wengine kama zamani, jambo ambalo Consent Mode inaliruhusu kwa kutaja maeneo. Tulilikataa. Kutambua nchi kwa anwani ya IP hukosea, hasa kwa wanaotumia VPN, huduma inayoficha mahali mtu alipo, na nchi zenye sheria za data zinaongezeka. Katika jimbo la California, ambako utaratibu ni wa mtu kujitoa badala ya kuombwa kwanza, kivinjari kinaweza kutuma ishara iitwayo Global Privacy Control kwa niaba ya mtumiaji. Mwaka 2022 kampuni ya vipodozi ya Sephora ilikubali kulipa dola milioni 1.2 baada ya mwanasheria mkuu wa jimbo hilo kuishtaki, pamoja na mambo mengine, kwa kutoiheshimu ishara hiyo. Tuliweka msimbo unaoisoma ishara hiyo kwanza, na ikiwepo, inahesabiwa kuwa jibu la kukataa.

Baada ya kuzuia lebo, tatizo la kinyume lilijitokeza. Lebo zilikuwa zimefungwa kwenye tukio la ukurasa kufunguka. Mgeni akifika kutoka kwenye tangazo, ukurasa unafunguka, lebo inazuiwa kwa kuwa bado hajajibu. Sekunde chache baadaye anakubali, lakini tukio la kufunguka limekwisha kupita na lebo haiamki tena hadi afungue ukurasa mwingine. Kwa njia hiyo hata walioridhia kwa hiari yao walikuwa wanapotea kwenye hesabu, pamoja na alama ya gclid inayounganisha ziara yao na tangazo walilolibofya. Tuliongeza tukio maalumu linalotangazwa mara jibu linapopokelewa, tukaziunganisha lebo na tukio hilo, na tukahakikisha kila ununuzi unabeba namba ya agizo ili usihesabiwe mara mbili. Heshima kwa aliyekataa haipaswi kuambatana na uzembe kwa aliyekubali.

Bango lenyewe

Maneno ya bango yaliandikwa upya kabisa. Toleo la Kiswahili linasomeka hivi: "Tunaomba ruhusa yako ya kutumia vidakuzi kwa mambo mawili: kuhesabu jinsi tovuti inavyotumika, na kupima matangazo yetu na kukuonyesha mengine katika tovuti nyingine. Kwa ajili ya matangazo, taarifa za ziara yako zitatumwa kwa Google na Meta. Ukikataa, masomo na malipo vitaendelea kufanya kazi kama kawaida. Unaweza kubadili uamuzi wako wakati wowote, chini ya kila ukurasa." Vitufe vitatu vinafuata: "Nakubali", "Nakataa" na "Nichague mwenyewe". Anayechagua mwenyewe anakuta takwimu na matangazo vimetenganishwa, vyote vikiwa havijawekewa alama.

Msimamizi wa matangazo aliomba kitufe cha kukataa kipakwe rangi hafifu. Jibu halikuhitaji mjadala mrefu: mamlaka ya data ya Ufaransa, CNIL, iliitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60, kwa maamuzi yaliyotolewa mwisho wa 2021, kwa sababu kukubali kulihitaji mbofyo mmoja wakati kukataa kulihitaji kadhaa. Vitufe viwili vya kwanza vina ukubwa mmoja, rangi moja na mstari mmoja.

Kuondoa ridhaa kulihitaji kazi zaidi kuliko tulivyodhani mwanzoni, kwa sababu kubadili jibu kusipofuatwa na kufuta vidakuzi vilivyokwisha kuwekwa ni nusu ya kazi. Kidakuzi cha _fbp huwekwa kwa kikoa kikuu, si kwa anwani yenye www. Amri ya kukifuta isipotaja kikoa hichohicho na njia ileile, kivinjari hakitoi kosa lolote na kidakuzi kinabaki pale pale. Vidakuzi vya kampuni nyingine vilivyowekwa kwenye vikoa vyao tovuti haiwezi kuvifuta, na tuliliandika hilo waziwazi kwenye sera, pamoja na maelezo ya jinsi mtu anavyoweza kuvifuta mwenyewe.

Kuhusu uthibitisho, kila jibu linahifadhiwa pamoja na namba ya nasibu, wakati, lugha, toleo la maneno ya bango na kile kilichochaguliwa. Jina, barua pepe na anwani ya IP havimo. Ingekuwa ajabu kukusanya data mpya ya mtu ili kuthibitisha kwamba amekataa kukusanyiwa data. Jibu linakumbukwa kwa miezi 6, muda ambao CNIL inauona kuwa mwafaka, kisha mgeni anaulizwa tena. Mfumo mpana wa ridhaa wa sekta ya matangazo, ule uitwao TCF, hatukuutumia, kwa kuwa unawahusu hasa wanaokodisha nafasi za matangazo kwenye kurasa zao, na tovuti hii haionyeshi matangazo ya mtu mwingine.

Njia ya pili, upande wa seva

Tulipofikiri kwamba kazi inakaribia kuisha, tulisoma msimbo wa seva ya malipo na kukuta kwamba kila agizo lililokamilika lilitumwa pia kwa Meta moja kwa moja kutoka kwenye seva, likiwa na barua pepe ya mnunuzi iliyogeuzwa kwa SHA-256, kanuni ya hesabu inayoibadilisha kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu. Mawasiliano haya hayaonekani kwenye kivinjari, hayapiti kwenye bango, na hakuna zana ya msomaji wala ya mkaguzi wa nje inayoweza kuyaona. Kila mnunuzi alikuwa anatumwa, awe alikubali au alikataa.

Utetezi uliotolewa ni kwamba barua pepe imefichwa. Hoja hiyo haisimami. Barua pepe ikigeuzwa kwa SHA-256 hutoa mfuatano uleule popote inapogeuzwa. Mpokeaji naye anageuza barua pepe za watumiaji wake kwa njia ileile na kulinganisha. Kama mfuatano huo usingemtambulisha mtu, kusingekuwa na faida yoyote ya kuutuma. Mteja alitoa barua pepe yake ili apate risiti na aweze kuingia kwenye masomo, na kuitumia kumtafuta kwenye mtandao wa kijamii ni lengo jingine linalohitaji ruhusa nyingine. Sheria haiangalii waya uliopitisha data.

Tuliongeza kwenye kumbukumbu ya kila agizo sehemu inayosema kama ridhaa ya matangazo ipo, na thamani yake ya mwanzo ni hapana. Seva inaisoma sehemu hiyo wakati wa kutuma, si wakati wa kuweka agizo kwenye foleni, kwa sababu foleni ilikuwa inakaa muda kabla ya kutumwa na mteja angeweza kuondoa ridhaa katikati. Maagizo yanayoingizwa na wafanyakazi kwa mkono, ambayo hayana jibu lolote, hayatumwi.

Ugunduzi huu ndio pia uliowezesha kampuni kumjibu msomaji wa Ujerumani kwa ukweli wote. Barua yao ilimweleza ni taarifa gani zilitumwa, kwa nani na kwa sababu gani, ikakiri kwamba kukataa kwake hakukuheshimiwa, na ikamweleza hatua zilizochukuliwa. Wakili aliipitia, lakini aliiacha katika lugha ya kawaida, na nadhani alifanya vema.

Hesabu zilizobadilika

Baada ya mpangilio mpya kuanza, ununuzi ulioonekana kwenye dashibodi za matangazo ulishuka mara moja, wakati daftari la maagizo la tovuti yenyewe halikuonyesha mshuko wowote. Hili lilitarajiwa, na tulikuwa tumemtaarifu mkurugenzi kwa maandishi kabla, maana picha ya namna hiyo ikimfikia bila maandalizi huzaa uamuzi wa haraka wa kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Hesabu za zamani nazo hazikuwa kamili: kivinjari cha Safari kimekuwa kikifupisha uhai wa vidakuzi vinavyowekwa kwa JavaScript hadi siku 7 tangu 2019, na wageni wengi hutumia vizuizi vya matangazo.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa katika kulinganisha nchi. Watu wa nchi moja wakikataa zaidi kuliko wa nchi nyingine, tangazo la nchi ya kwanza litaonekana kuwa halifanyi kazi hata kama linaleta wanunuzi wengi, na mfumo wa Google wa kupandisha na kushusha dau la matangazo utahamisha fedha kutokana na kosa hilo. Msimamizi wa matangazo sasa anaanza na maagizo halisi ya kila nchi, yaliyomo kwenye kumbukumbu za malipo za kampuni, na kuyaweka sambamba na fedha zilizotumika huko. Mwisho wa malipo kumewekwa pia swali la hiari linalouliza mteja aliifahamu tovuti kwa njia gani. Majibu yake si sahihi kwa kiwango cha dashibodi, lakini kila aliyejibu alijua kwamba anajibu.

Kazi iliyobaki ni ya kudumu. Tumeandika jaribio linaloendeshwa na kivinjari cha kujiendesha kila baada ya sasisho la tovuti, na kila wiki hata kama hakuna sasisho, mtandao ukiwa umepunguzwa kasi. Linafungua kurasa bila kugusa bango na kuorodhesha kila kikoa kilichowasiliana nao. Linakataa na kutembelea kurasa nyingine. Linakubali, kisha linaondoa ridhaa na kuangalia kama vidakuzi vimefutika. Kikoa chochote kisichokuwa kwenye orodha iliyoidhinishwa kinasimamisha uchapishaji. Jaribio hilo limekwisha kukamata video ya YouTube ambayo mwalimu mmoja aliiweka kwenye ukurasa wa somo la majaribio: kikoa cha youtube-nocookie alichokitumia hupunguza ufuatiliaji, lakini bado huwasiliana na seva za Google mara ukurasa unapofunguka. Sasa mahali pa video pana picha tulivu iliyohifadhiwa kwenye seva ya tovuti yenyewe, yenye kitufe na maelezo ya kinachotokea mtu akikibofya. Orodha ya vikoa vilivyoidhinishwa ina mmiliki mmoja, mtunza tovuti, na msimamizi wa matangazo akitaka kuongeza lebo mpya anaandika kwanza ni ya lengo gani na iko chini ya ruhusa ipi kati ya zile mbili za kwenye bango.